Mtoto anataka simbilisi: vya kuweka bandani na vya kutoweka kabisa



Kila shule zinapokaribia kufungwa, simu ninazopigiwa hubadilika. Miezi mingine naulizwa kuhusu mnyauko wa viazi, mbolea ya kupandia na kuku wanaokohoa. Ikifika Novemba zinaanza za aina nyingine: "Mtaalamu, mtoto kafaulu vizuri, nimemwahidi simbilisi. Ninunue nini na nini?" Safari hii mama mmoja wa Dar es Salaam aliniuliza kuhusu chinchila, yule mnyama wa manyoya laini ambaye binti yake alimwona kwenye simu. Nikamjibu kwamba chinchila ni mnyama wa milima ya Andes, huko Chile. Manyoya yake ni mazito mno, na joto likipita nyuzi 27 au 28 anaweza kuzidiwa na kufa. Dar ya mwezi wa kwanza si mahali pake, labda umfungie chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana, na siku umeme ukikatika ndiyo basi. Nikamshauri amchukue binamu yake, simbilisi. Huyu naye hapendi joto kali, ila akipata kivuli, hewa ya kutosha na maji, anavumilia.

Simbilisi pia asili yake ni Andes. Peru, Bolivia na Ekuado wamemfuga maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Kivu, upande wa Kongo, wanamwita dende na wanamfuga kwa kitoweo. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wengi tumekua tukimwona anakimbia chini ya vitanda na pembeni ya mafiga. Leo siongelei kitoweo. Naongelea simbilisi wa mtoto, yule anayepewa jina.

Na kabla sijasema nunua hiki, acha kile, nisimulie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha mengi ya haya.

Miaka michache iliyopita binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, aliletewa simbilisi dume na bibi yake. Mweupe, ana doa la kahawia kwenye jicho moja. Mimi nikajiona nimesomea mifugo, nani atanifundisha? Nikachukua kizimba cha zamani cha vifaranga, kile chenye sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini, nikamweka humo peke yake. Chakula chake kikawa pumba za mahindi, chakula cha kuku wa mayai kilichobaki stoo, na nyasi kavu. Ulikuwa mwezi wa tisa, Njombe imekauka, majani mabichi hata ng'ombe walikuwa wanayasikia kwa jirani. Maji yalikuwepo. Mtoto naye akamwekea gari lake la plastiki ili asiboreke.

Baada ya wiki tatu hivi simbilisi akaanza kuchechemea. Ukimgusa mguu wa nyuma analia. Manyoya yamesimama kama ya mnyama aliyelala mvuani. Nikatazama goti, limevimba. Nikasema hili ni jipu la kwenye kiungo, kuna bakteria humo. Nilikuwa na chupa ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile tunayochoma ng'ombe na mbuzi kila siku. Nikavuta kidogo kabisa kwenye sindano, nikamchoma. Binti ndiye aliyemshika, ananiambia, "Baba, usimuumize."

Siku ya pili akaacha kula. Ya tatu akaharisha. Ya nne, kabla ya kwenda shule, mtoto alimkuta amelala ubavu, wa baridi.

Nikampigia rafiki yangu mmoja daktari wa mifugo, nikamweleza tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe umemuua mara mbili. Mara ya kwanza kwa chakula, ya pili kwa sindano."

Vitamini C, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Ng'ombe, mbuzi, kuku, hata sungura, wote hutengeneza vitamini C wenyewe ndani ya mwili. Simbilisi hawezi. Katika hilo yuko kama mimi na wewe, lazima aipate kwenye chakula, tena kila siku, kwa sababu haiwekei akiba. Akiikosa kwa wiki mbili au tatu anapata kiseyeye. Viungo vinavimba na kuuma, fizi zinatoa damu, meno yanalegea, anakonda, anachechemea. Yule wa binti yangu hakuwa na jipu. Alikuwa na kiseyeye, na dawa yake ilikuwa inauzwa sokoni kwa mama wa mboga.

Kiasi anachohitaji ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Jike mwenye mimba mweke upande wa juu. Simbilisi wetu wa kienyeji wengi hawafiki hata kilo moja. Sasa piga hesabu. Gramu 100 za pilipili hoho mbichi ya kijani zina miligramu kama 80, na hoho ikiiva ikawa nyekundu inazidi hapo. Pera ndilo kiboko, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200. Kwa hiyo kipande cha hoho cha gramu 25, yaani robo ya hoho ndogo, kinamtosha kwa siku nzima. Pera ukimkatia kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha na kubaki, ila lina sukari, usizidishe. Matembele yanafaa sana, na sukuma wiki nayo inafaa kwa kiasi. Mchicha na spinachi mpe mara mojamoja tu, si kila siku, kwa sababu vina aina ya asidi inayochangia mawe kwenye kibofu cha mkojo.

Mpe hivyo vikiwa vibichi. Hoho uliyokaanga haina faida kwake, na majani yaliyokaa siku mbili dirishani yameshapoteza sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta. Kuna wanaonunua vitamini ya unga ya kuku na kuikoroga kwenye maji ya kunywa. Mimi siwashauri. Vitamini C huharibika haraka kwenye maji, tena ladha ikibadilika baadhi yao hukataa kunywa kabisa, ukajikuta umeongeza tatizo la pili.

Chakula cha punje kilichotengenezwa maalumu kwa simbilisi, kwa walio mijini wanaokipata, ni kizuri kama nyongeza. Tazama tarehe ya kutengenezwa. Vitamini C iliyomo hupungua kadiri kinavyokaa, na kilichopita miezi mitatu usikitegemee kwa vitamini hiyo. Cha sungura si sawa na cha simbilisi hata kama punje zinafanana kama mapacha, maana sungura hahitaji kuongezewa vitamini C na mtengenezaji hana sababu ya kuiweka. Chakula cha kuku ndiyo kabisa usiguse. Kina wanga mwingi, na baadhi huwekewa dawa za kuzuia koksidiosisi ambazo kipimo chake kimekusudiwa kuku.

Nyasi kwanza, mchezo baadaye

Watu wakisikia kwamba meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, wanakimbilia kutafuta kijiti cha kumpa atafune. Kijiti ni kizuri, lakini kinasaidia meno ya mbele. Magego ya ndani nayo yanakua vilevile, na yanasagwa na nyasi, ule utafunaji wa kutwa nzima wa taya kwenda huku na huku. Simbilisi anayekula pumba na mabaki ya mezani magego yake hurefuka hadi yakabana ulimi. Unamwona anataka kula, anasogelea chakula, anashindwa, mate yanalowesha kidevu. Kufikia hapo ni kazi ya daktari, na madaktari wa kusaga meno ya simbilisi hawajai vijijini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha yako ya manunuzi, ambacho hata hununui, ni nyasi. Sehemu kubwa kabisa ya anachokula iwe nyasi, mbichi au kavu, na zisikosekane usiku wala mchana. Majani ya tembo, gwatemala, majani ya mahindi mabichi, mashona nguo kabla hayajatoa mbegu za kunasa kwenye manyoya, vyote anakula. Nyasi kavu ziwe zimekaushwa vizuri, bado zina ukijani na harufu nzuri. Zenye ukungu au vumbi tupa. Ukitoka kwenye nyasi kavu za kiangazi kuingia kwenye majani mabichi ya mvua za kwanza, ongeza kidogokidogo kwa muda wa wiki moja. Ukimjazia siku moja anavimba tumbo kama ndama aliyeingia kwenye shamba la maharage.

Na hapa nawaomba wa kwetu wanisikilize vizuri, kwa sababu mtoto ndiye anayetumwa kukata majani. Nyasi za pembezoni mwa shamba la viazi lililopigwa dawa ya ukungu zina dawa hiyohiyo. Mwonyeshe mtoto mahali pa kukata, umwekee mpaka kabisa. Majani ya viazi mviringo na viazi vyenye machipukizi ni sumu kwake, pamoja na majani ya nyanya. Kisamvu kibichi hapana. Lantana hapana, na utomvu wa mnyaa usifike hata karibu.

Parachichi nalitenga peke yake kwa sababu siku hizi Njombe kila mtu ana miche. Majani, magome na tunda lake vina sumu inayodhuru moyo na matiti ya wanyama wengi, simbilisi akiwemo. Wakati wa kupogolea matawi yanazagaa uani, mtoto anaona ni kijiti kizuri cha kutafuna, anamwekea rafiki yake bandani. Usiseme hukuambiwa.

Vijiti na vitu vya kuchezea

Matawi ninayoyaamini ni ya mforosadi na mtufaha. Mforosadi ndio bora kwa mtu wa kawaida, unaota haraka, hakuna anayeupiga dawa, na majani yake nayo yanalika. Mtufaha ni mzuri kama una mti wako na unajua haujapuliziwa karibuni. Wa shamba la biashara achana nao. Kata vijiti vya unene wa kidole, osha, anika juani siku kadhaa, mpe. Usichanganye mtufaha na mpichi. Mpichi, na miti mingine ya matunda yenye kokwa moja gumu la namna hiyo, ina kemikali inayogeuka kuwa sianidi ikitafunwa, hasa ikiwa mibichi. Mkaratusi una mafuta makali, uache.

Mbao sasa. Sisi tunaishi kwenye nchi ya mbao, kila fundi ana vipande vya kutupa, na ni rahisi kuokota ukadhani umepata. Kipande cha nguzo ya umeme au ubao uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa kisiingie bandani, si kwa kutafuna wala kwa kujengea sehemu anayoifikia kwa meno. Dawa ile imetengenezwa ili kitu chenye meno kikila kife. Ubao uliopakwa rangi au vanishi hapana. Mbao zilizogandishwa kwa gundi, kama zile za makabati ya bei nafuu, nazo hapana.

Plastiki ndiyo mtihani mkubwa kwa walio mijini, kwa sababu vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la wanyama hawa ni vya plastiki, vya rangi rangi, vinavutia macho ya mtoto. Simbilisi akitafuna, vipande vinaweza kuziba utumbo. Lile gari la binti yangu nililikagua baada ya msiba, tairi moja halikuwepo. Sikuwahi kujua liliishia wapi.

Gurudumu la kukimbilia, lile linalozunguka, na mpira wa plastiki anaofungiwa ndani ni vya wanyama wadogo wengine. Mgongo wa simbilisi haukuumbwa kupinda vile, na miguu yake mifupi inanasa. Mama yule wa Dar alikuwa ameshaona mahali wanapouza mchanga wa kuogea chinchila, akauliza kama anunue. Ni kweli chinchila huoga vumbi, ndivyo anavyosafisha manyoya yake. Simbilisi haogi vumbi. Ukimwekea utamwasha macho na kumjaza mafua. Weka hela yako, nunua hoho.

Kwa hiyo achezee nini? Simbilisi ni mnyama wa kuliwa, na yeye analijua hilo. Mchezo wake mkubwa ni kujificha na kuchungulia. Mpe boksi la katoni lisilo na pini za chuma wala utepe wa gundi, utoboe milango miwili, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea ili asikwame mwenzake akimfukuza. Akilitafuna likaisha, utaleta lingine. Chungu cha udongo kilichopasuka mdomo ni nyumba nzuri sana ya ubaridi wakati wa joto, ila sugua kingo kwenye jiwe mpaka zisikate. Maganda ya mahindi mabichi ukiyajaza nyasi na kipande kimoja cha karoti katikati, atahangaika nayo nusu saa na mtoto atacheka. Bomba au handaki liwe na upana wa sentimita 15 au zaidi. Nasema hivi kwa sababu kuna kijana aliweka kipande cha mwanzi, simbilisi mdogo alikuwa anapita vizuri, miezi miwili baadaye kakua, kaingia, kakwama. Walipasua mwanzi kwa panga, wenye nyumba wakiwa wameshikilia roho. Alitoka mzima.

Kamba na nyuzi usiweke. Mfuko wa salfeti uliochakaa watu wanautandika chini kama zulia, nyuzi zake zinachomoka, zinajizungusha mguuni na kukata damu isipite.

Vitamu

Mtoto ataonyesha upendo kwa kumlisha, hilo huwezi kulizuia, kwa hiyo mpangie. Kipande cha tufaha bila mbegu, karoti, papai, ndizi, stroberi, kisizidi ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima, mara mbili kwa wiki basi. Biskuti, mkate, chapati, wali, ugali, pipi, chokoleti hapana. Maziwa na mtindi hapana, na ukikuta dukani vitamu vya simbilisi vilivyopakwa mtindi, ujue aliyetengeneza anauza kwa macho ya mtoto. Karanga na mbegu za alizeti zina mafuta mengi na zinaweza kumkaba. Vitunguu vya aina zote weka mbali.

Banda

Achana na sakafu ya waya. Nyayo za simbilisi ni laini, hazina manyoya. Waya unazichubua, vidonda vinaoza hadi mfupa. Sakafu iwe ya ubao au saruji kavu yenye matandiko juu. Maranda ya paini tuliyo nayo kila kona yanafaa sharti yawe makavu. Mabichi yana harufu kali inayosumbua mapafu. Yaanike juani mpaka ukiyanusa usisikie kitu, kisha tandika na nyasi kavu juu yake. Vumbi laini la msumeno usitumie, linaingia puani.

Simbilisi wawili wanataka eneo lisilopungua sentimita 120 kwa 60. Si mpandaji, kwa hiyo ukuta wa sentimita 40 unamzuia, lakini funika juu kwa wavu kwa ajili ya paka. Bibi zetu walimfuga jikoni na ni kweli jikoni kuna joto la kumsaidia kwenye baridi yetu ya Juni na Julai. Kuna moshi pia, na sufuria za maji ya moto, na mapafu yake ni dhaifu. Mweke chumba kingine kisicho na upepo wa moja kwa moja, umwongezee nyasi za kujifukia. Banda likiwa na miguu, kila mguu usimame kwenye kopo lenye oili chafu, siafu wakija usiku wasimkute. Chombo cha maji kiwe bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua, lioshwe kila siku.

Nunua wawili. Mmoja peke yake hupooza, hula vibaya, na mtoto akirudi shule atakuwa amebaki na ukuta. Majike wawili au madume wawili waliokua pamoja. Ukichukua dume na jike ujue baada ya siku 59 hadi 72 za mimba una wengine, wamezaliwa na manyoya, macho wazi, wanakimbia, na mama yao anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa. Jike ambaye hajawahi kuzaa na amepita miezi saba hivi usimpandishe kabisa, mifupa ya nyonga huwa imeshakaza, anaweza kufa akizaa. Sokoni wauzaji wengi hawajui kutofautisha jinsia, mwombe anayejua akuangalizie.

Usimchanganye na sungura. Najua wengi mnafanya, na najua wanaonekana wanapendana. Sungura anaweza kubeba bakteria wa mafua bila yeye kuugua, wakifika kwa simbilisi ni nimonia. Tena teke moja la sungura linatosha kumvunja mbavu.

Dawa

Narudi kwenye ile sindano. Utumbo wa simbilisi umejaa bakteria wema wanaomsaidia kumeng'enya nyasi. Penisilini na ndugu zake, yaani amoksilini na ampisilini, huwaua hao wema, wabaya wanabaki na uwanja wao, wanazaliana na kutoa sumu. Anaacha kula, anaharisha, anakufa ndani ya siku chache, iwe ulimchoma au ulimnywesha. Streptomaisini yenyewe ni sumu kwa simbilisi. Kwa hiyo kile kichupa nilichokiamini kwa ng'ombe kilikuwa na vitu viwili, na vyote viwili havikutakiwa kumgusa.

Nasema hili kwa mzazi ambaye kabatini ana vidonge vya amoksilini vilivyobaki mtoto alipougua, na nasema kwa maofisa ugani wenzangu ambao tunaitwa na jirani saa kumi na mbili jioni, na hatutaki kuonekana hatujui. Zipo dawa za kuua bakteria zinazomfaa, lakini kipimo chake kinahesabiwa kwa mnyama wa gramu mia kadhaa. Mwite daktari wa mifugo, mwambie mapema kwamba ni simbilisi, na umuulize waziwazi dawa anayotaka kutumia ni ya kundi gani. Wakati unamsubiri, mnyama aendelee kupata nyasi, maji na hoho. Simbilisi aliyekaa nusu siku bila kula hata kidogo ni mgonjwa wa haraka, usisubiri kesho.

Wanaweza kumwambukiza mtoto mapunye, kwa hiyo ukiona sehemu isiyo na manyoya yenye magamba, mtoto asimshike mpaka atibiwe. Siku zote anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Na amshike akiwa ameketi chini, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Akianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama anavunjika.

Kitu cha mwisho cha kununua, kama huna, ni mizani ya jikoni. Kila Jumamosi mtoto amweke kwenye bakuli, ampime, aandike kwenye daftari. Simbilisi huficha ugonjwa, lakini uzito hausemi uongo. Akipungua gramu 50 kwa wiki moja kuna jambo, hata kama macho yanang'aa.

Binti yangu alikaa karibu mwaka mzima hataki kusikia habari ya mnyama mwingine. Kisha akaniambia atafuga, ila mimi nisishike sindano. Sasa ana majike wawili, daftari lake lina Jumamosi zote tangu siku ya kwanza, na jioni kisu kikigusa ubao wa kukatia hoho wanapiga mluzi mpaka nje unasikika.

Mwenye swali kuhusu mti fulani wa kwao kama unafaa kutafunwa, anitumie picha ya jani na ua, aniambie na jina la kienyeji, tuutazame kabla hajampa. Makala ijayo nitarudi kwenye viazi, nimeahidi kuongelea mbegu.